Madurai: chakula kinavuka mipaka mbele ya watu



Tukisema historia, wengi wetu tunafikiria wafalme, vita na mikataba. Walimu walitufundisha Berlin 1885, walitufundisha 30 Juni 1960, na tukapita mitihani. Lakini kuna historia ingine inayopikwa kila jioni ku barabara, na hakuna mwalimu anayetuuliza juu yake. Leo ninawaletea ile ya Madurai, muji wa kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu. Juu ya nini Madurai? Juu pale, kwa chakula cha mutu mumoja aliyesimama pembeni ya barabara, munaweza ona Amerika, Uajemi, Vita ya Pili ya Dunia na ubaguzi wa watu, vyote pamoja. Na juu watu wa kule walipigania swali ambalo na sisi linatugusa: nani ana haki ya kula karibu na nani?

1. Muji usiolala

Madurai iko pembeni ya mto Vaigai. Katikati kuna hekalu kubwa la mungu mke Meenakshi, na minara yake inaonekana toka mbali. Barabara za zamani zinalizunguka hekalu kama masanduku, moja ndani ya ingine, na nyingi ziko na majina ya miezi ya Kitamil. Muji wenyewe uko na zaidi ya watu milioni 1. Watamil wanauita *Thoonga Nagaram*, ni kusema muji usiolala. Ukifika usiku wa manane karibu na gare ao stasio ya bisi, utakuta moto ungali unawaka, mafundi wanapiga unga, watu wanakula wamesimama.

Munaweza fikiri hayo ni mambo ya umeme na bisi za usiku. Hapana. Kuna shairi refu la Kitamil linaloitwa *Maduraikkanchi*, la karne za kwanza kisha Kristo. Linaonyesha muji huu ukiwa na masoko mawili: soko la mchana na soko la usiku, kila moja na jina lake. Ndani yake munakutana na wauzaji wa vikate wanaosinzia karibu na mali yao, saa zimekwenda. Ni picha ya mama yeyote tunayemjua, aliyekaa na mandazi yake mpaka saa ya mwisho. Iko na umri wa karibu miaka 1,800.

Kwa hiyo mutu akikuambia kama chakula cha barabarani ni alama ya muji ulioharibika, ao ni kazi iliyoingia na shida za siku hizi, umujibu na mufano wa Madurai. Kule barabara ilikuwa inauza chakula mbele Wareno hawajafika, mbele Waingereza hawajafika, wakati wafalme wa Pandya wangali wanatawala.

2. Kila kitu kilitoka fasi fulani

Tuanze na *idli*. Ni vikate vyeupe, vya duara, vinavyopikwa kwa mvuke. Wanaloweka muchele na aina ya choroko nyeusi, wanasaga, wanaacha vichache usiku muzima, asubuhi vinavimba. Wanakula na chatini ya nazi na muchuzi wa dengu na ukwaju unaoitwa *sambar*. Kwa mitaa ya Madurai, wamama wengi wanauza idli mbele ya mulango wa nyumba zao, na sufuria moja tu ya mvuke. Ukiuliza, watakuambia ni chakula cha mababu. Ni kweli, lakini mababu gani? Jina hilo tunalikuta katika kitabu cha lugha ya Kikannada cha mwaka 920 hivi, *Vaddaradhane*. Tena kitabu cha mufalme Someshvara wa 3, cha karibu mwaka 1130, kinaeleza chakula cha namna hiyo. Idli za wakati ule zilikuwa za choroko tu, muchele haukuwamo. Mwanahistoria wa chakula K. T. Achaya alifikiri kama ufundi wa kuchachusha na kupika kwa mvuke uliweza toka Indonesia, ambako watu walijua sana kuchachusha. Wengine wanamupinga. Hata hivyo munaona: hata kitu cha "asili" kabisa kilibadilika njiani.

Kisha idli, pilipili. Leo huwezi fikiri muchuzi wa Madurai bila pilipili nyekundu. Lakini mbele ya Wareno kufika, hakuna Mutamil hata mumoja aliyekuwa anaijua! Pilipili nyekundu ilitoka Amerika. Vasco da Gama alifika Kozhikode, upande wa magharibi wa ile nchi ya kusini, mwaka 1498, na baharia aliyemuonyesha njia alimuchukua Malindi, ku pwani ya Waswahili. Kisha safari hizo, meli za Wareno zikaleta mimea ya Amerika: pilipili, nyanya, karanga. Mbele ya pale, ukali wa chakula ulitoka kwa pilipili manga, ambayo Kitamil kinaiita *milagu*. Pilipili mugeni ilipofika, wakaipatia jina la ile ya zamani: *milagai*, tunda la milagu. Na sisi tulifanya vilevile. Neno letu "pilipili" asili yake ni India. Lilipita kwa Waajemi na Waarabu mbele ya kutufikia, na lilikuwa jina la ile ya India, lakini leo tunaitia mumea wa Amerika. Wareno walewale njo walifika kwenye mdomo wa mto Kongo katika miaka ya 1480, na biashara yao njo ilituletea muhogo na mahindi. Bukari na sombe ya kwetu, na muchuzi mukali wa Madurai, ni watoto wa safari moja.

Tatu, *parotta*. Hii njo mfalme wa usiku wa Madurai. Fundi anakanda unga mweupe wa ngano na mafuta, anaupumzisha, kisha anaurusha hewani na kuupiga juu ya meza mpaka unakuwa mwembamba kama kitambaa. Anaukunja, anauzungusha kama konokono, anauchoma juu ya chuma. Mwishoni anapanga kadhaa pamoja na kuzipiga makofi mbavuni, ili matabaka yafunguke. Ukitaka *kothu parotta*, anaikatakata juu ya chuma pamoja na mayai na nyama, na vyuma viwili vinalia kama ngoma. Unasikia toka mutaa wa pili.

Lakini simameni kidogo. Tamil Nadu ni nchi ya muchele. Ngano ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu ni vita na njaa. Jimbo la Madras lilikuwa linakula muchele mwingi wa Burma. Mwaka 1942 Wajapani walikamata Burma, na muchele ule ukakatika. Mwaka uliofuata, kaskazini-mashariki, njaa ya Bengal iliua watu karibu milioni 3. Ku kusini, watu wakaanza kupewa chakula kwa karatasi za mgao, na ngano ikaingia fasi ya muchele. Kisha uhuru, mwaka 1956, India ilifanya mapatano na Marekani ya kupokea ngano yao. Watu waliokula wali toka kuzaliwa wakajifunza unga. Leo kijana wa Madurai anaitia parotta "chakula cha kwetu", na haki iko naye. Ila ndani yake mumefichwa meli za Marekani na hofu ya njaa.

Nne, *jigarthanda*, kinywaji cha baridi ambacho Madurai inajisifia nacho. Maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, gundi ya muti wa mlozi iliyoloweshwa ikavimba, sirapu ya mizizi inayoitwa *nannari*, na aiskrimu juu. Jina lake si la Kitamil hata kidogo. *Jigar* ni neno la Kiajemi, maana yake ini. *Thanda* ni baridi, kwa Kihindi na Kiurdu. Ni kusema "kinachopoza ini", na kwa washairi wa Kiurdu ini ni fasi ya mapendo na uhodari, kama sisi tunavyosema moyo. Katika muji wa hekalu la Wahindu, kinywaji cha sifa kinabeba jina lililokuja na Waislamu. Kwa muda wa karne ya 14, Madurai ilikuwa hata na masultani wake, mpaka majeshi ya Vijayanagara yalipowaondoa.

Mbali na hiyo kuna *paruthi paal*, maziwa ya mbegu za pamba yaliyopikwa na sukari nyeusi ya miwa na tangawizi, yanayouzwa jioni juu ya vigari. Kuna pia *kari dosai*: chapati ya muchele uliochacha, juu yake yai, juu ya yai nyama iliyokatwakatwa. Orodha ni ndefu, lakini maana ni moja: chakula cha Madurai kilipokea kila mugeni. Sasa twende kwa jambo zito.

3. Chakula kilivuka, watu walikatazwa

Kwa karne nyingi, India iligawanya watu kwa matabaka ya kuzaliwa. Na fasi ambako mipaka ya tabaka ilionekana sana ni ku chakula. Chakula kilichopikwa na mutu wa chini kilihesabiwa kuwa najisi kwa mutu wa juu. Mubrahmin aliweza kupikia wengine, lakini yeye hakukubali chakula toka mukono wao. Na waliosukumwa chini kabisa, wale tunaowaita leo Wadalit, walikatazwa kisima, hekalu na meza.

Wakati wa Waingereza, miji ilipopanuka na treni zikaanza kupita, watu walilazimika kula mbali na nyumba zao. Hoteli za kahawa zikazaliwa. Nyingi ziliandika ku kibao: hoteli ya Wabrahmin. Maana yake, mupishi ni Mubrahmin, na ndani kuna chumba cha Wabrahmin tu; wengine wanakaa upande mwingine ao wanakunywa inje. Ku magare ya treni, fasi za kula zilitenganishwa vilevile. Hata maji ya kunywa yaliitwa maji ya Wahindu na maji ya Waislamu! Maji, wandugu.

Wanafunzi, sikieni hii. Miaka ya 1924 na 1925, Cheranmahadevi, kusini mwa Madurai, kulikuwa masomo ya bweni yaliyofunguliwa na wapigania uhuru na kusaidiwa na makuta ya chama cha Congress. Walisema ni masomo ya taifa jipya. Kumbe watoto wengine wa Kibrahmin waliruhusiwa kula mbali na wenzao. Habari ilipotoka, ikawasha moto Tamil Nadu nzima. Mumoja wa waliokasirika alikuwa E. V. Ramasamy, anayeitwa Periyar. Mwaka 1925 alitoka katika Congress, na tangu pale akaongoza harakati ya kujiheshimu. Swali lake lilikuwa rahisi: munatafuta uhuru gani toka kwa Mwingereza, kama watoto wenu hawawezi kula pamoja?

Madurai yenyewe iliona siku yake tarehe 8 Julai 1939. Mwanasheria Mubrahmin, A. Vaidyanatha Iyer, aliingia hekalu la Meenakshi pamoja na kikundi kidogo cha Wadalit na watu wa tabaka la Nadar, ambao wote walikuwa wamekatazwa. Kati yao alikuwa P. Kakkan, aliyekuja kuwa waziri wa Tamil Nadu kisha uhuru. Makuhani wengine walikataa kabisa kuendelea na kazi. Lakini mulango ulikuwa umefunguka. Mwaka 1941, kisha upinzani wa Periyar na wenzake, ule utengano wa Wabrahmin na wengine ku meza za magare ukaondolewa.

Kisha ikaja Katiba ya India, tarehe 26 Januari 1950. Aliyeongoza kamati ya kuiandika ni B. R. Ambedkar, Mudalit. Musomao sheria, musome kifungu cha 15. Kinataja kwa majina maduka, restora na hoteli: hakuna raia anayeweza zuiwa kuingia juu ya dini, tabaka, jinsia ao fasi aliyozaliwa. Kifungu cha 17 kinafuta unajisi wa watu. Fikirini: katiba ya nchi ya mamia ya mamilioni ya watu inashuka mpaka ku mulango wa restora. Walioiandika walijua vizuri wapi mutu anadharauliwa kila siku.

Lakini karatasi na barabara ni vitu viwili. Mwaka 1957, miaka 7 kisha Katiba, Periyar na watu wake walisimama mbele ya hoteli moja ya Madras, siku kwa siku, wakidai neno "Brahmin" lifutwe ku kibao. Polisi ilikamata mamia. Mwishowe mwenye hoteli akabadilisha jina. Na ku vijiji, hata karibu na Madurai, vibanda vya chai viliendelea na desturi ya bilauri mbili: moja ya watu wa tabaka la juu, ingine ya Wadalit, inayooshwa na mwenye kunywa mwenyewe na kuwekwa mbali. Wachunguzi na magazeti wamekuta desturi hiyo hata kisha mwaka 2000, ingawa sheria inaiadhibu.

Njo maana siwezi danganya na kusema kama barabara ilikuwa paradiso ya usawa. Kibanda cha chai kiliweza kubagua na bilauri tu. Hapa njo ninaona jambo kubwa la historia hii: pilipili ya Amerika ilipokelewa na Watamil wote, juu na chini, kwa karne moja ao mbili. Ngano ya vita ilipokelewa kwa miaka 20 hivi. Lakini jirani aliyezaliwa mita 200 toka kwako, anayekula pilipili ileile, ilihitaji maandamano, vifungo na katiba ili akae ku benchi moja na wewe. Na kazi haijaisha.

4. Pale ilipofaulu

Kuna mambo matatu ya kujifunza.

La kwanza ni chakula cha watoto. K. Kamaraj, mutoto wa Virudhunagar, karibu na Madurai, aliacha masomo akiwa mudogo juu ya umasikini. Alipokuwa kiongozi wa jimbo, mwaka 1956 akaanzisha chakula cha mchana ku masomo. Mwaka 1982 M. G. Ramachandran akakipanua sana. Na tarehe 15 Septemba 2022, M. K. Stalin alizindua chakula cha asubuhi ku masomo ya musingi, na alichagua kukizindulia Madurai. Faida ni tumbo kujaa, na pia watoto kukaa chini kwa mustari mumoja, chakula kimoja. Mwaka 2023, wilaya ya Karur, wazazi fulani walikataza watoto wao kula juu mupishi alikuwa Mudalit. Wakubwa wa Leta walikwenda kule wenyewe kusuluhisha. Munaona kama vita ya Cheranmahadevi ingali inapiganwa, lakini safari hii Leta iko upande wa mupishi.

La pili ni malewa za nyama. Kijiji cha Vadakkampatti, wilaya ya Madurai, kimetoa wenye restora wengi wanaoziita Muniyandi Vilas, jina la mungu wao Muniyandi. Kila mwaka wanarudi kijijini kumutolea biriyani ya nyama, sufuria kubwakubwa, na kisha sala inagawanywa kwa kila anayefika. Ni sadaka ya wauza chakula: wanamurudishia mungu ileile kazi iliyowalisha.

La tatu ni sheria ya wauzaji. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya India ilisema kama kuuza ku barabara ni kazi yenye haki, ingawa Leta inaweza kuipanga. Mwaka 2014 Bunge likapitisha sheria ya kulinda wauzaji wa barabarani. Kila muji uwe na kamati, na ndani yake wauzaji wenyewe wasipungue asilimia 40, na theluthi moja ya hao wawe wanawake. Hawawezi fukuzwa mbele hawajahesabiwa na kupewa karatasi. Utekelezaji uko na kasoro nyingi, polisi wangali wanawasumbua. Lakini muuzaji iko na kifungu cha kuonyesha.

5. Na sisi?

Wazee wetu wanajua mipaka ya namna hii. Wakati wa Wabelgiji, kati ya muji wa wazungu na cité ya Elisabethville waliacha eneo tupu, ili watu wasikaribiane. Mupishi wa jikoni ya muzungu alikuwa Mukongomani, lakini ku meza yake hakukaa. Chakula kilivuka lile eneo kila siku. Aliyekipika alirudi jioni.

Leo eneo lile halipo tena, lakini muangalie namna tunavyomuangalia mama wa malewa. Tunakula kwake kwa deni mwezi muzima wakati wa masomo, tukipata diploma tunamuita uchafu wa muji. Siku ya kufukuzwa kwa wauzaji, vyombo vyake vinapigwa mateke, na sisi tuliosoma sheria tunapita.

Kwa hiyo ninawapa kazi. Wale wa historia, sosiolojia na sheria munaotafuta kichwa cha TFC ao memwari: acheni kunakili kazi za wengine juu ya vitu ambavyo hamujaona. Chukueni avenue moja ya muji wenu. Mukaulize wamama wanaouza pale walianza mwaka gani, walijifunza kwa nani, unga unatoka wapi, wanalipa taksi ngapi na kwa nani, karatasi gani wanapewa. Muandike majibu yao na tarehe. Watamil walihifadhi wauzaji wao wanaosinzia katika shairi la miaka 1,800. Wa kwetu wangali macho, na hakuna aliyewaandika.